Mabaharia wa Tiger Bay

Kila baada ya uchaguzi au shambulio huko Ulaya, swali moja hurudi magazetini: je, Waislamu waliohamia huko wamechangamana na wenyeji? Huulizwa kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha mtihani. Hupimwa ajira, lugha, ndoa na mavazi, kisha mhamiaji hupewa alama zake. Anayesahihisha hapewi alama yoyote.

Anayesoma historia hujifunza mapema kuuliza swali fulani limeanza lini. Wengi wetu tunadhani Waislamu walifika Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba suala la kuchangamana ni la kizazi chetu. Lakini katika mji wa Cardiff, kusini mwa Wales, mtihani huo ulikwisha kufanyika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tunajua pia jinsi ulivyosahihishwa.

Waingereza waliiteka Aden mwaka 1839. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, Aden ikawa kituo kikubwa cha meli za mvuke kupakia makaa ya mawe. Meli hizo zilihitaji watu wa kukaa chini kabisa, kwenye joto kali, wakitupa makaa ndani ya tanuri kwa beleshi usiku na mchana. Kazi hiyo walipewa Wayemeni na Wasomali. Na kwa kuwa makaa bora yalichimbwa kwenye mabonde ya Wales, meli ziliwafikisha mabaharia hao Cardiff, mojawapo ya bandari kubwa kabisa duniani za kusafirisha makaa. Wakapanga vyumba katika mtaa wa Butetown, jirani na gati, ambao watu wa nje waliuita Tiger Bay. Wengine walikwenda South Shields, kaskazini-mashariki mwa Uingereza.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa beleshi kabla hata hawajashuka melini.

Walichangamana? Tukitumia vipimo vya leo, wapo waliochangamana kuliko watu wengi wanaowahukumu. Walioa wanawake wa Wales na wa Uingereza, wakazaa watoto waliozungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Cardiff. Butetown waliishi pamoja na Wamalta, Wareno, Wahindi, watu wa Visiwa vya Karibi na Waafrika Magharibi. Mwaka 1936 alifika Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi kutoka Yemen. Alianzisha zawiya, na pamoja na kuwasomesha mabaharia aliweka madarasa ya dini kwa wake zao na watoto wao. Msikiti wa Nur al-Islam katika mtaa wa Peel ulibomolewa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, kisha ukajengwa upya. Bomu halikubagua Mwingereza wa kuzaliwa na wa kuhamia.

Sitaki kuwapamba. Wapo ambao baada ya miaka mingi hawakujua Kiingereza cha kutosha kusoma barua. Wengi walilala katika nyumba za mabaharia zilizoendeshwa na Waarabu au Wasomali wenzao, wakala vyakula vya kwao, wakapeleka akiba nyumbani na kuota kurudi. Mtu akitaka kuandika kwamba walijitenga, ushahidi anao. Ila aseme pia kwamba mwenye nyumba hizo ndiye aliyemkopesha baharia chumba na chakula alipokosa meli, na kwamba nje ya mtaa huo ilikuwa vigumu kumpata mpangishaji wa kumfungulia mlango mtu mweusi. Mtu huhamia pale anapofunguliwa.

Juni 1919, vita vikiwa vimekwisha, askari walirudi Cardiff na kukuta ajira haba na nyumba chache. Makundi ya wazungu yalivamia Butetown na mitaa ya jirani, yakavunja nyumba na kupiga watu. Watatu walikufa. Tukisoma maelezo ya wakati ule, jambo lililowachoma wengi ni kuona wanaume weusi na Waarabu wameoa wanawake wa kizungu. Tuitazame hasira hiyo vizuri. Leo mhamiaji hulaumiwa kwa kuoa kwao tu. Mwaka 1919 alipigwa kwa sababu ameoa kwa wenyeji. Kipimo kilichompa mwingine alama ndicho kilichomletea huyu fimbo.

Kisha ikaja karatasi. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa amri kuhusu mabaharia wageni wasio wazungu. Baharia asiyeweza kuthibitisha kwa hati kwamba ni raia wa Mfalme alitakiwa ajiandikishe polisi kama mgeni. Tatizo ni kwamba hati hizo wengi hawakuwahi kupewa. Kitabu cha ubaharia, ambacho mtu alikitumia miaka yote, kimejaa majina ya meli alizofanyia kazi, mara nyingi hakikukubaliwa kuwa uthibitisho. Watu waliozaliwa chini ya bendera ya Uingereza, na wengine waliotumikia meli zake vitani, waliingia kituo cha polisi wakijiona watu wa dola hiyo na kutoka wakiwa wageni. Mwaka 1935 sheria ya ruzuku kwa kampuni za meli ikawapa kipaumbele mabaharia Waingereza. Aliyekuwa ameandikwa mgeni akakosa kazi. Amri ya 1925 ilidumu hadi mwaka 1942, wakati vita vilipofanya beleshi lake lihitajike tena.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, karatasi hii haina ugeni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, dola hiyo hiyo iliwavisha wanaume wa Kiafrika nchini Kenya kipande shingoni. Cardiff na Nairobi zilijifunza kwa mwalimu mmoja.

Kesi ya Mahmood Mattan inaonyesha mwisho wa njia hii. Alizaliwa Hargeisa, katika Somaliland ya Waingereza, mwaka 1923. Alikuwa baharia, akafika Cardiff, akamwoa Laura Williams, msichana wa Wales. Walipata watoto watatu wa kiume. Kwa sababu ya chuki dhidi ya ndoa yao, kuna wakati mume na mke waliishi nyumba tofauti katika mtaa mmoja. Machi 1952, Lily Volpert, mwanamke Myahudi mwenye duka Butetown, aliuawa dukani mwake. Mattan alikamatwa, akakana. Mahakamani, wakili wake mwenyewe, aliyekuwepo kumtetea, aliwaeleza wazee wa baraza kwamba mteja wake ni nusu mtoto wa maumbile na nusu mshenzi asiyestaarabika vya kutosha. Alinyongwa tarehe 3 Septemba 1952 katika gereza la Cardiff.

Laura hakuacha kudai haki. Tarehe 24 Februari 1998 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu ile. Shahidi mkuu hakuwa wa kuaminika, na maelezo yaliyoweza kumsaidia mshtakiwa hayakuwahi kuwafikia mawakili wake. Polisi wa South Wales waliomba radhi mwaka 2022, miaka 70 baada ya kitanzi. Laura alikuwa amekwisha kufariki.

Ni kipimo gani ambacho Mattan hakukitimiza? Alifanya kazi, alioa kwa wenyeji, alizaa raia. Pengine mtu atasema Kiingereza chake kilikuwa kibovu. Ni kweli. Lakini waliomhukumu walikijua Kiingereza vizuri sana, na bado hawakumwelewa.

Simaanishi kwamba hakuna la kumuuliza mhamiaji. Kujifunza lugha ya jirani ni adabu, na mtu anayemzuia binti yake kusoma hatetewi na historia yoyote. Ninachokataa ni hesabu yenye upande mmoja. Kuchangamana ni kitenzi cha watu wawili. Kiswahili chenyewe kimeweka ile "-na" mwishoni, kama katika kupatana na kuzikana. Huwezi kuchangamana peke yako, kama vile huwezi kupeana mkono peke yako.

Na tusidhani kuwa swali hili ni la Ulaya tu. Novemba 1989 serikali ya Kenya iliamuru raia wake wenye asili ya Kisomali, waliotimiza miaka 18, wahakikiwe upya. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho cha taifa walichokuwa nacho tayari. Hawa hawakuwa wamevuka bahari. Wengi walizaliwa Garissa, Wajir, Isiolo na Nairobi. Wenye dini tofauti walihakikiwa na wenye dini moja nao, kwa sababu anayeandika daftari la wageni anahitaji mgeni tu, wa dini au wa kabila, kutegemea mwaka.

Mabaki ya Mattan yaliondolewa gerezani yakazikwa upya katika makaburi ya mji wa Cardiff, sehemu ya Waislamu. Jiwe la kaburi lake linasema aliuawa na dhuluma. Amelala katika ardhi ya Wales, karibu na watu waliofanya kazi na kuoa na kuzeeka huko. Alipokuwa hai, ni mtaa mmoja tu wa mji ule uliomkubali kuwa mwenyeji.