Tiba ya Sumaku na Mtihani wa Macho Yaliyofungwa

Wanadamu walijitibu kwa umeme karne nyingi kabla hawajajua umeme ni nini. Karibu mwaka 47 baada ya Kristo, Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa zama za Kaisari Klaudio, aliagiza kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki hai wa jamii ya taa pale panapouma, mpaka pafe ganzi. Mwenye jongo alisimamishwa ufukoni, kwenye mchanga uliolowa, samaki akiwa chini ya wayo, mpaka ganzi ipande kufika gotini. Samaki yule hutoa umeme mwilini mwake. Mafundi wa Misri ya kale walikuwa wamekwisha kumchora kambare wa Mto Nile mwenye uwezo huohuo kwenye kuta za makaburi, na jamaa zake wamo hadi leo katika Ziwa Tanganyika na mito ya Kongo. Katika karne ya 12, Ibn Rushd wa Kordoba alilinganisha ganzi ya samaki wa jamii ya taa na jinsi sumaku inavyovuta chuma. Umeme na sumaku vilikuja kuunganishwa kwa ushahidi mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo.

Kati ya Ibn Rushd na Ørsted kuna kisa kimoja ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha historia hii yote. Mwaka 1774, mjini Vienna, daktari Franz Anton Mesmer alianza kuwatibu wagonjwa kwa vipande vya sumaku alivyopewa na Maximilian Hell, padri Mjesuiti na mwanafalaki. Wagonjwa walitetemeka, wakalia, kisha wakasema wamepata nafuu. Baada ya muda Mesmer aliziweka sumaku kando na kudai kwamba nguvu yenyewe, aliyoiita sumaku ya viumbe, ilipita mikononi mwake. Alihamia Paris mwaka 1778, na huko watu walizunguka pipa kubwa la mbao lenye maji na chupa, wakishika vyuma vilivyochomoza humo na kuviegemeza mahali penye maradhi. Muziki laini ulipigwa kwa ala ya vioo iliyobuniwa na Benjamin Franklin.

Franklin huyohuyo ndiye aliyepewa kazi ya kupima madai hayo. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume ya wanasayansi na madaktari. Franklin, balozi wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 78, aliiongoza. Mkemia Lavoisier, mwanafalaki Bailly na daktari Guillotin walikuwamo. Franklin hakuwa mgeni wa jambo hili. Huko Pennsylvania alikuwa amewapitishia umeme watu waliopooza, na mwaka 1757 alimwandikia daktari John Pringle kwamba nafuu ilionekana siku za mwanzo, kisha ikakoma. Alidhani pengine safari ya mgonjwa ya kuja kwake na matumaini ya mgonjwa huyo ndivyo vilivyosaidia. Barua hiyo ina uaminifu ambao watengenezaji wengi wa vifaa vya tiba wa leo wangefaidika kuusoma.

Mesmer alikataa kuchunguzwa, kwa hiyo tume ilimchunguza mwanafunzi wake, Charles Deslon. Nyumbani kwa Franklin, huko Passy, Deslon aliutia nguvu mti mmoja bustanini. Mvulana wa miaka 12, ambaye Deslon mwenyewe alimchagua kwa kuwa alikuwa mwepesi kuathirika, alifungwa kitambaa machoni na kupelekwa kwenye miti minne, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliotiwa nguvu. Alikohoa, akatokwa jasho, na kwenye mti wa nne akazimia. Nyumbani kwa Lavoisier, mwanamke mmoja alipewa vikombe kadhaa vya maji ya kawaida, akapatwa na mshtuko. Alipoomba maji ili atulie, akapewa kikombe kilichotiwa nguvu, akakinywa kwa utulivu.

Tume ilihitimisha kwamba nguvu ile haipo, na yaliyoonekana yalitokana na fikra. Hitimisho lilikuwa sahihi. Hata hivyo naona waliipita haraka nusu ya pili ya jawabu lao. Kama fikra zinaweza kumwangusha mvulana mwenye afya chini ya mti, basi fikra zina kazi katika mwili, na kazi hiyo ilistahili uchunguzi wake yenyewe. Aliyeliona hilo ni John Haygarth, daktari wa mji wa Bath, Uingereza. Mwishoni mwa karne hiyo Mmarekani Elisha Perkins alikuwa akiuza vijiti viwili vya chuma vya kupapasia penye maumivu, akidai vinaondoa umeme mbaya. Mwaka 1799 Haygarth alitengeneza vijiti vya mbao vilivyopakwa rangi vifanane na vile. Wagonjwa wanne kati ya watano walisema wamepata nafuu. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu kilichozungumzia fikra kama chanzo cha maradhi na pia kama tiba yake. Majaribio ya dawa bandia ambayo leo dawa nyingi mpya hupitia yana deni kubwa kwa mti wa Passy na vijiti vya Bath.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kanuni ambayo bila hiyo hatuwezi kuelewa lolote katika tiba ya sumaku: uga wa sumaku (eneo linalofikiwa na nguvu yake) unaobadilika huzaa mkondo wa umeme katika kitu kinachopitisha umeme, na uga uliotulia juu ya kitu kilichotulia hauzai. Mwili wa mtu, wenye maji na chumvi, hupitisha umeme. Kwa hiyo sumaku iliyoshonwa ndani ya bangili na koili (waya uliozungushwa mara nyingi) inayowaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde ni vitu viwili tofauti kabisa. Wauzaji husema bangili huvuta chuma kilichomo katika damu, lakini Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha mwaka 1936 kwamba damu iliyobeba oksijeni husukumwa na sumaku, tena kidogo mno.

Karne ya 19 ilijaa mikanda ya umeme na minyororo ya kuvaa kiunoni. Mwandishi Mfaransa Flaubert alimvisha mfamasia wa riwaya yake Madame Bovary mnyororo wa aina hiyo. Cha thamani zaidi ni alichokifanya Jacques-Arsène d'Arsonval mjini Paris mwaka 1896. Mtu alipoingiza kichwa ndani ya koili yake kubwa yenye mkondo wa kubadilika, aliona mimweko ya mwanga ambayo haikuwapo chumbani. Hapo Faraday alikuwa ameingia kwenye neva za binadamu.

Mifupa ilifuata baadaye. Mwaka 1957 Wajapani Eiichi Fukada na Iwao Yasuda walichapisha ushahidi kwamba mfupa unapobanwa hutoa umeme mdogo. Andrew Bassett, daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akageuza swali: je, umeme ukipelekwa kwenye mfupa uliogoma kuunga, utaamka? Alifunga koili juu ya plasta ngumu, mgonjwa akakaa nazo saa nyingi kila siku nyumbani kwake. Mwaka 1979 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha njia hiyo.

Lakini hakuna aliyekuwa amefunga kitambaa machoni. Kazi hiyo ilifanyika Sheffield, Uingereza, ambako Anthony Barker, W. J. W. Sharrard na wenzao waliwapa baadhi ya wagonjwa mashine zinazofanya kazi na wengine mashine bandia. Matokeo ya awali ya mwaka 1984 yalikuwa ya kushtua: mfupa wa muundi uliunga kwa watu watano kati ya tisa waliopata uga, na kwa watano kati ya saba ambao hawakupata. Wale saba hawakuachwa bila tiba. Walikaa na plasta, hawakuukanyagia mguu, na waliangaliwa kwa uvumilivu. Kwangu mimi hiyo nayo ni tiba ya mtu kwa ukamilifu wake, mwili na nafsi, na haihitaji jina la sumaku ili iheshimiwe. Sharrard hakuishia hapo. Mwaka 1990 alitoa jaribio jingine, la wagonjwa 45 ambao mifupa yao ilichelewa kuunga, na safari hii waliopata uga walifanya vizuri zaidi. Kisha mwaka 2011 jaribio la Australia lenye wagonjwa 259 waliokuwa wamevunjika mfupa muda mfupi tu kabla halikupata faida. Jibu linategemea mfupa, wakati na kipimo.

Barker, aliyepata matokeo yale ya kukatisha tamaa, ndiye mwaka 1985 aliyeweka koili yenye mpigo mfupi na mkali juu ya kichwa cha mtu, na vidole vya mkono wa upande wa pili vikacheza. Mlango uliofunguliwa na d'Arsonval ulikuwa wazi sasa. Mwaka 2008 mamlaka ileile ya Marekani iliidhinisha mipigo ya aina hiyo kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia, baada ya jaribio la watu 301 ambamo wengine walipewa koili bandia.

Leo katika miji yetu ya Afrika Mashariki zinauzwa bangili, mikeka ya sumaku, na mashine zinazodai kusoma maradhi ya mwili mzima kwa mtu kushika kijiti cha chuma kwa dakika moja. Kundi hilo la mwisho halina uhusiano wowote na kazi ya Sheffield. Kwa mikeka yenye koili, mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji mambo matatu: uga unabadilika au umetulia, una nguvu kiasi gani, na ni ugonjwa gani uliojaribiwa kwa kulinganisha na mashine iliyozimwa bila mgonjwa kujua. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asilalie mkeka huo wala kuweka sumaku kifuani, kwa kuwa uga huweza kubadili utendaji wa kifaa chake, na hilo amuulize kwanza daktari wake wa moyo.