Hati za Muziki Usioandikwa: Wakusanyaji wa Santuri za Jazi na Vyombo vyao vya Nyumbani

Historia ya muziki wa jazi haitenganiki na historia ya santuri. Jazi inayozungumziwa hapa ni ule muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, wala si muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, ambao bendi zake, kama Dar es Salaam Jazz Band na Morogoro Jazz Band, zilijitwalia jina hilo huku mapigo yake yakiegemea zaidi rumba ya Kuba. Nguzo kuu ya jazi hiyo ya Marekani ni utungaji wa papo kwa papo, yaani mpigaji hubuni sauti zake palepale jukwaani juu ya wimbo ambao wenzake wanaufahamu, kiasi kwamba kilichopigwa usiku mmoja hakirudiwi kwa namna ileile usiku unaofuata. Kwa muziki wa aina hiyo santuri ndiyo hati yenyewe. Na watu waliozitafuta santuri hizo, wakazitunza, na wakajijengea majumbani vyombo vya kuzisikiliza kwa usahihi, ndio waliokuwa watunza nyaraka wa kwanza wa jazi, miaka mingi kabla vyuo vikuu na maktaba havijauona muziki huo kuwa jambo la kuchunguzwa.

Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa madukani ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na Original Dixieland Jass Band, kundi la wanamuziki weupe kutoka New Orleans, kwa ajili ya kampuni ya Victor. Mabingwa weusi wa muziki huo walisubiri zaidi kabla ya kufunguliwa milango ya vyumba vya kurekodia: King Oliver na Creole Jazz Band yake, ambamo kijana Louis Armstrong alipiga koneti ya pili, walirekodi Richmond, Indiana, mwezi Aprili 1923, kwa kampuni ndogo ya Gennett. Wakati huo sauti ilinaswa bila umeme. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa la bati, nguvu ya sauti zao ikaitikisa sindano iliyochimba mfuo katika nta laini, na kwa kuwa mshindo wa ngoma kubwa uliweza kuirusha sindano hiyo, mpiga ngoma mara nyingi alilazimika kugonga vipande vya mbao. Maikrofoni na amplifaya ziliingia katika kazi hiyo mwaka 1925, na tangu hapo besi na ngoma zikaanza kusikika kwa uzito wake. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua bendi za New Orleans zilisikikaje kabla ya mwaka huo hana budi kukumbuka kwamba anasikia kile tu ambacho pembe liliweza kukipokea.

Santuri za enzi hizo zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa India ambao pia hutumika kutengenezea lakiri, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, na sindano za chuma zilizotumika katika gramafoni zilipaswa kubadilishwa baada ya kila upande kwa sababu ule unga wa mawe ulizila upesi. Santuri ilikuwa bidhaa ya kuvunjika na ya kusahaulika, na hali hiyo ilijidhihirisha pale Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipoikumba Marekani: mauzo ya santuri, yaliyozidi milioni 100 mwaka 1927, yalishuka hadi kufikia milioni 6 hivi mwaka 1932. Kampuni ndogo zilifungwa, na mabamba mama, yaani vile violezo vya chuma ambavyo santuri hufyatuliwa kwavyo, mengi yaliuzwa kama vyuma chakavu. Tangu wakati huo nakala zilizobaki mikononi mwa watu zikawa, kwa rekodi nyingi, ushahidi pekee kwamba muziki huo uliwahi kupigwa.

Ni katika miaka hiyohiyo ya dhiki ndipo ukusanyaji wa santuri za jazi ulipopata mpangilio, na jambo hilo lilianza mapema ng'ambo ya Atlantiki kuliko nyumbani kwa jazi yenyewe. Nchini Ufaransa kilianzishwa mwaka 1932 chama cha Hot Club de France, ambacho mmoja wa viongozi wake, Hugues Panassié, alichapisha kitabu cha Le Jazz Hot mwaka 1934, akitegemea zaidi santuri kuliko maonyesho aliyoyahudhuria. Mwenzake, Charles Delaunay, alitoa mwaka 1936 kitabu cha Hot Discography, kilichoweka msingi wa diskografia, yaani elimu ya kuorodhesha rekodi kwa kutaja wapigaji, vyombo vyao, mahali, tarehe, na namba ya kiolezo. Namba hiyo, iliyochorwa karibu na lebo, ilikuwa na thamani ya pekee kwa sababu wimbo uleule uliweza kurekodiwa mara mbili au tatu kwa siku moja, na santuri mbili zenye jina moja zikabeba ubunifu tofauti kabisa wa mpiga tarumbeta mmoja. Kwa mkusanyaji wa muziki ulioandikwa tofauti hiyo ingekuwa jambo dogo, lakini kwa mkusanyaji wa jazi ilikuwa ni tungo mbili.

Jijini New York mwenye duka Milt Gabler, wa Commodore Music Shop katika mtaa wa 42, alizishawishi kampuni kubwa zimfyatulie upya santuri zilizokwisha kutoweka sokoni, na kwenye lebo akachapisha majina ya wapigaji, ambao hapo awali walifichwa nyuma ya jina la kiongozi wa bendi. Mwaka 1938 alianzisha lebo yake ya Commodore, ambayo mwaka uliofuata ilirekodi Strange Fruit ya Billie Holiday baada ya kampuni ya Columbia kukataa wimbo huo uliolaani mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Wakusanyaji wengine walizunguka katika maduka ya mitumba na kupiga hodi katika mitaa ya watu weusi, wakinunua kwa senti chache zile santuri ambazo kampuni ziliwauzia wateja weusi peke yao. Kutokana na juhudi hizo kilipatikana mwaka 1939 kitabu cha Jazzmen, kilichohaririwa na Frederic Ramsey na Charles Edward Smith, ambacho waandishi wake wengi walikuwa wakusanyaji waliofunga safari hadi kwa wanamuziki wenyewe ili kuwahoji.

Kazi hiyo njema ilikuwa na kasoro zake, nazo zinapaswa kutajwa bila kificho. Wengi wa wakusanyaji hao walikuwa wanaume weupe, na fedha walizolipana kwa santuri adimu hazikumfikia mpigaji aliyelipwa ujira wa mara moja tu siku ya kurekodi. King Oliver alifariki Savannah, Georgia, mwaka 1938 katika ufukara, akiwa amefanya kazi ya usafi katika ukumbi wa mchezo wa pool, wakati uleule ambapo santuri zake za Gennett zilikuwa zikitafutwa kwa udi na uvumba. Zaidi ya hayo, historia iliyojengwa juu ya santuri ilielekea kuwasahau wale ambao hawakurekodiwa. Buddy Bolden, mpiga koneti wa New Orleans ambaye wazee wa jazi walimtaja kuwa mwanzilishi wao, hana hata santuri moja iliyosalia, na sifa yake inategemea masimulizi ya mdomo peke yake.

Vita Kuu ya Pili ilionyesha jinsi hati hizo zilivyokuwa dhaifu. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilibana matumizi ya shelaki, wananchi wakahimizwa kutoa santuri zao kuukuu zikayeyushwe, na kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo chama cha wanamuziki kiliwazuia wanachama wake wasirekodi kwa kampuni hadi mgogoro wa malipo utatuliwe, jambo ambalo kwa Victor na Columbia lilikamilika Novemba 1944 tu. Katika kipindi hichohicho vijana wa mtaa wa Harlem, New York, walikuwa wakiunda bibopu, yaani jazi ya kasi kubwa na mapatano magumu ya sauti, na chimbuko lake lingepotea karibu lote kama si watu wachache waliokuwa na mashine zao binafsi. Mwanafunzi Jerry Newman alibeba mashine ya kuchimbia santuri hadi ukumbi wa Minton's Playhouse mwaka 1941, akamnasa mpiga gitaa Charlie Christian chini ya mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Dean Benedetti, mpiga saksafoni, alimfuata bingwa wa bibopu Charlie Parker mwaka 1947 na 1948 akirekodi hasa zile sehemu ambazo Parker alibuni peke yake, na rekodi hizo zilitolewa hadharani na kampuni ya Mosaic mwaka 1990.

Mwezi Juni 1948 Columbia ilileta santuri ndefu ya plastiki ya vinili, yenye mfuo mwembamba na mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulibeba zaidi ya dakika 20. Desemba 1950 Duke Ellington alitumia nafasi hiyo kurekodi Mood Indigo kwa muda unaozidi dakika 15, jambo lisilowezekana katika upande mmoja wa santuri ya shelaki. Vinili ilikuwa na kelele kidogo, na kwa hiyo ilidhihirisha udhaifu wa vyombo vya kuichezea. Hapo ndipo ilipoenea desturi ya kuacha kabati moja la gramafoni na kuunganisha vyombo vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Mhandisi D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Uingereza la Wireless World, mwaka 1947, mchoro wa amplifaya ambayo mafundi wa nyumbani katika nchi nyingi waliiunda kwa mikono yao, na mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika ambayo sanduku lake lilizibwa kabisa ili hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi, hivyo besi nzito ikatoka katika kisanduku kilichotosha kwenye rafu ya vitabu.

Vyombo hivyo vilimtaka mkusanyaji azijue santuri zake kwa undani zaidi. Mchimbaji wa santuri hupunguza sauti nzito ili mfuo usipanuke kupita kiasi, na huongeza sauti nyembamba ili zishinde mkwaruzo, kisha amplifaya hurudisha uwiano wa asili kwa kufanya kinyume chake. Kabla ya kipimo kimoja kukubaliwa Marekani mwaka 1954, kila kampuni ilikuwa na uwiano wake, na msikilizaji makini alipaswa kuisoma lebo kwanza ndipo azungushe vitufe. Sindano nayo ilikuwa na vipimo vyake: ncha inayofaa mfuo mpana wa shelaki ina nusu kipenyo cha maikromita 75 hivi, na ile ya santuri ndefu takriban 25, hivyo kutumia moja mahali pa nyingine ni kuisikia santuri vibaya au kuiharibu.

Stereo, yaani sauti ya njia mbili inayomwezesha msikilizaji kutambua kila chombo kimekaa upande gani, ilibuniwa na Mwingereza Alan Blumlein, aliyeomba hataza yake Desemba 1931, lakini ilifika sokoni katika santuri baada ya robo karne. Mwishoni mwa 1957 kampuni ya Audio Fidelity ilitoa santuri ya stereo iliyobeba upande mmoja bendi ya jazi ya Dukes of Dixieland kutoka New Orleans, na upande wa pili milio ya garimoshi. Katika mfuo wake kila ukuta, uliolala kwa nyuzi 45, hubeba njia yake. Kuanzia hapo chumba chenyewe kikawa sehemu ya chombo: spika mbili na kiti cha msikilizaji vilipangwa kama ncha za pembetatu yenye pande sawa, na spika zikasogezwa mbali na kona ili besi isivimbe. Mkono wa sindano, ambao katika gramafoni za zamani uliikandamiza santuri kwa zaidi ya gramu 100, ulipunguzwa uzito hatua kwa hatua, na vichwa vya sindano vya siku hizi huhitaji gramu 2 hivi.

Usikilizaji huo wa nyumbani ulikuwa na ndugu yake katika urekodi. Rudy Van Gelder, mtaalamu wa kupima macho, aliwarekodi wasanii wa lebo ya Blue Note sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, hadi alipofungua studio ya Englewood Cliffs mwaka 1959. Herufi RVG katika ukanda mtupu unaoizunguka lebo humjulisha mkusanyaji kwamba kiolezo kilichimbwa na Van Gelder mwenyewe, na anwani ya kampuni iliyochapishwa kwenye lebo humsaidia kukadiria mwaka santuri ilipofyatuliwa. Nchini Japani, ambako santuri za kigeni zilikuwa ghali mno kwa watu wengi, mkusanyaji alifungua milango yake kwa umma. Mikahawa ya kusikilizia jazi, kama Chigusa ya Yokohama iliyoanza 1933, iliwawezesha wateja kuketi kimya kwa bei ya kikombe cha kahawa mbele ya vyombo ambavyo wasingeweza kuvinunua. Mkahawa huo ulipoteza santuri zake katika vita, kisha ukajikusanyia upya.

Umuhimu wa kusikiliza kwa vipimo unaonekana wazi katika santuri ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ambayo nyimbo za upande wake wa kwanza zilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959. Mashine iliyotoa utepe mama siku hiyo ilikwenda polepole kidogo kuliko ilivyopaswa, kwa hiyo santuri zilizofyatuliwa kutokana nao zilipiga kwa kasi na kwa sauti ya juu kuliko bendi ilivyopiga. Kosa hilo lilidumu katika matoleo ya kawaida hadi 1992, liliporekebishwa kwa kutumia utepe wa pili uliorekodiwa sambamba na ule wa kwanza. Kama utepe huo wa akiba ungetupwa, kama mabamba mama ya miaka ya 1930 yalivyotupwa, marekebisho yangekosa msingi wa uhakika.

Mwaka 1952 Marshall Stearns, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, alianzisha Institute of Jazz Studies katika makazi yake jijini New York kwa kutumia mkusanyo wake, na mwaka 1966 taasisi hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, ambako watafiti huitumia hadi leo. Tendo hilo ndilo linalokamilisha maana ya kazi nzima iliyoelezwa hapa. Mtu binafsi aliokoa kile ambacho kampuni zilikitupa na serikali zilikiyeyusha, lakini santuri inayobaki rafuni kwa mwenyewe hufa pamoja naye iwapo warithi hawaijui thamani yake. Wakusanyaji wanaostahili kuheshimiwa zaidi katika historia ya jazi ni wale walioandika walichokuwa nacho, wakawaulizia wapigaji majina na habari zao, wakarekebisha vyombo vyao hadi waliposikia kwa haki kile kilichopigwa, na mwishowe wakakikabidhi kwa watu wote.