Haki ya Kuendeleza Ardhi: Mkulima wa Dodoma Angeuza Nini?

Mwaka 1980 wilaya ya Montgomery, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, iliamua kuwa mji wa Washington usiyameze mashamba yake. Ilitenga takriban ekari 93,000 za kilimo, ikakataza kujengwa zaidi ya nyumba moja kwa kila ekari 25. Ili mkulima asihesabiwe kuwa ameporwa, alipewa haki moja ya ujenzi kwa kila ekari tano, akaruhusiwa kuiuza. Mjenzi aliyeinunua aliongeza nyumba katika eneo lililopangwa kupokea msongamano. Mkulima akabaki na shamba lake na fedha mkononi. Mpango huu, yaani uuzaji wa haki za uendelezaji zinazohamishika, sasa unatajwa kama dawa ya miji inayotanuka haraka. Kabla ya kuuleta Dodoma, yafaa tuulize mkulima wetu angekuwa na nini cha kuuza.

Sheria ya Ardhi ya 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana. Uhuru haukuugusa msingi huo. Mwalimu Nyerere alikwisha kuandika mwaka 1958, katika Mali ya Taifa, kwamba kilicho cha mtu ni jasho lake juu ya ardhi, si ardhi yenyewe. Na mwaka 1963 milki huria zikafutwa. Hoja ilikuwa nzito, nami bado naiheshimu. Lakini Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 iliitafsiri kwa ubahili: ardhi tupu haina fidia, hulipwa maendelezo tu, kama vile tembe na miti. Uingereza nayo ilitaifisha haki ya kuendeleza mwaka 1947, ila ilikiri kwamba haki hiyo ilikuwapo, ikatenga pauni milioni 300 kwa ajili ya wamiliki walioipoteza. Kwetu haki hiyo haikutwaliwa. Ilichukuliwa kuwa haijapata kuwapo.

Dodoma ndipo tofauti hii ilipouma. Wagogo wengi walikwisha kuhamishwa mara moja na Operesheni Dodoma ya miaka ya mwanzo ya 1970. Kisha mwaka 1973 ukatolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kama CDA, na mwaka 1976 ukakamilika mpango kabambe uliochorwa na kampuni ya Toronto, Canada. CDA ilishika hati ya miaka 99. Wananchi wakapewa mikataba ya upangaji ya miaka 33. Aliyerithi shamba kwa babu yake akawa mpangaji, pengine wa kiwanja kilichokatwa katika shamba lilelile. Rais Magufuli aliivunja Mamlaka hiyo Mei 2017, akaagiza miaka 33 iwe 99.

Mahakama ilikuwa imetangulia. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Sheria za Ardhi za 1999 zikatamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Hata hivyo, fidia hukokotolewa kwa bei ya ardhi inapotwaliwa. Ongezeko linalozaliwa baada ya barabara na ramani ya viwanja huenda kwa mwingine.

Ndiyo maana naona mfano wa Montgomery una funzo kwetu, si kwa sababu ya soko lake bali kwa sababu unalitaja ongezeko hilo na kulipa mwenyewe. Mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi ingeweza kusalimika kwa njia hiyo, iwapo mjenzi wa katikati ya jiji atakatazwa kuongeza ghorofa bila kununua haki shambani. Je, Halmashauri ya Jiji ipo tayari kumkatalia? Na anayeuza haki huifunga ardhi yake daima: mzee akisaini leo mbele ya dalali, wajukuu hawatajenga. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria Na. 5 ya 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Basi sahihi ya kuuza ingekuwa ya mwenye shamba, au ya mkutano mkuu wa kijiji?