Koti la Hewa la Mzamiaji na Matunzo Yake

Katika mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo cha kupumulia kilichomwezesha mzamiaji kuogelea chini ya bahari na mtungi mgongoni. Lakini uzito wake majini aliukisia tu, kwa vipande vya risasi kiunoni. Mwaka 1961 Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy, akaleta mfuko wa hewa wa kuvaliwa shingoni. Na mwaka 1971 kampuni ya Scubapro ikatoa ule wa mfano wa koti.

Nasi wakulima, tuliokwisha kuona bomba la dawa likikwama kwa kutooshwa, twaweza kumfahamu adui wa koti hili: ni chumvi. Maji ya bahari huingia ndani, na yakikauka huacha chembe zinazokwaruza mpira na kushika vali. Vali ya kujazia ikikwama wazi, koti hufura lenyewe, likamrusha mtu juu. Naye akizuia pumzi, mapafu yaweza kupasuka.

Kwa hiyo mwenye koti hulisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, nje na ndani, akayamwaga, akalijaza hewa kidogo na kulianika kivulini. Akishuku tundu hupaka povu la sabuni, kama tufanyavyo kwa maji na mpira wa baiskeli. Kitundu kidogo hukiziba mwenyewe kwa gundi inyumbukayo; vali mbovu, kwa maoni yetu, ni ya fundi. Kisha hulijaza, akalilaza usiku kucha, na asubuhi hutazama kama limenywea.