Bomba la mafuta na shamba la mtu: siasa za kijani zinasema nini, na Taita Taveta tunasimama wapi

Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi akipita Maungu na Voi huona barabara kuu, reli ya mkoloni, reli ya SGR na nyaya za umeme. Bomba la mafuta halioni, maana limezikwa. Nalo lipo tangu 1978, kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi, upana wa inchi 14. Mwaka 2018 bomba jipya la inchi 20 lilianza kazi kuchukua nafasi ya lile kuukuu, na kituo chake kimoja cha kusukuma mafuta kiko hapa kwetu Maungu. Ongeza bomba la maji ya Mzima, linalotoa maji Tsavo na kuyateremsha Mombasa huku vijiji vingi vya kaunti hii vikinunua maji kwa mtungi. Ndiyo maana mwenyeji wa huku akisikia "mradi wa kitaifa" huuliza kwanza kama unapita tu ama utaacha kitu.

Vijana wanaofuatilia siasa za mazingira wameniuliza: chama cha kijani kingesimama wapi serikali ikitaka shamba la mtu ili bomba lipite? Nitaeleza nijuavyo, na pale nisipokubaliana nacho nitasema.

Kenya tunacho chama cha aina hiyo, Mazingira Green Party, alichokianzisha Profesa Wangari Maathai mwaka 2003. Vyama vya kijani duniani vimefungwa pamoja na mkataba uliopitishwa Canberra, Australia, mwaka 2001. Nguzo zake ni sita: hekima ya ikolojia, haki ya kijamii, demokrasia shirikishi, kukataa vurugu, uendelevu na kuheshimu tofauti za watu. Mkataba huo unataka dunia iachane na mafuta ya ardhini. Kwa hiyo mtu wa kijani halisi hapingi njia ya bomba peke yake. Anapinga kinachopita ndani. Marekani mwaka 2016 mgombea urais wao, Jill Stein, alifunguliwa mashtaka kwa kupulizia tingatinga rangi katika maandamano dhidi ya bomba la Dakota Access.

Maathai mwenyewe alijulikana kwa vita vilivyoonekana kinyume na hivi. Uhuru Park mwaka 1989, na baadaye msitu wa Karura, alizuia ardhi ya umma isiingie mikononi mwa wachache. Bomba huchukua ardhi ya mtu kwa jina la umma. Lakini swali la chini ni lile lile: umma ni nani hapo, na faida inaishia mfuko wa nani?

Sheria yetu imejaribu kulijibu. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, na ni lazima imlipe fidia ya haki, kamili na ya haraka, huku akiwa na ruhusa ya kwenda mahakamani. Kazi hiyo inafanywa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi katika gazeti rasmi la serikali, kisha kikao cha kusikiliza madai ya wenye ardhi, kisha tathmini na malipo. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliunda mahakama maalum ya kusikiliza malalamiko ya fidia. Yalieleza pia kwamba "haraka" ni muda usiozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Kwa anayedai karo ya mtoto, mwaka ni mrefu sana.

Tofautisha mambo mawili hapa, maana ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kutwaliwa ardhi ni kuipoteza kabisa. Kupitishiwa bomba ni kingine: hati inabaki na jina lako, lakini ule ukanda hujengi nyumba juu yake wala hupandi miti ya mizizi mirefu. Unalipwa kidogo zaidi, na unabaki jirani wa mafuta maisha yako yote.

Ugumu wa Taita Taveta unaanzia kwenye hati. Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti. Kilichobaki kinagawanywa na mashamba ya mkonge, ranchi na miji, na wenyeji wengi wanaishi kama maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mtu wa hivyo atalipwaje? Kifungu hicho hicho cha 40 kinaruhusu kumlipa anayekaa kwenye ardhi kwa nia njema ingawa hana hati. Kinaruhusu tu, hakilazimishi. Chama chochote cha kijani kinachotaka kura za Voi, Mwatate na Kasigau kianzie hapo kabla ya kuzungumzia hali ya hewa.

Halafu kuna kuvuja. Mwaka 2015 mafuta yaligunduliwa katika bonde la Thange, Kibwezi, kaunti jirani ya Makueni, yakiwa yametoka kwenye bomba lile la zamani na kuingia kwenye maji na udongo. Watu walisubiri miaka kumi. Julai 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoamuru zaidi ya wakazi 3,000 walipwe Sh3.8 bilioni. Kabla ya Thange kulikuwa na Sinai, Nairobi, Septemba 2011, ambapo zaidi ya watu 100 waliungua mafuta yalipovuja na kushika moto. Fidia ya kupitishiwa bomba haihesabu hatari hii, na kwangu hiyo ni hoja nzito kuliko zote walizo nazo watu wa kijani.

Wanaponipoteza ni wanaposema mabomba yote ni sawa. Bomba likifungwa kesho, petroli haitaacha kwenda Nairobi. Itapanda malori, na malori yatapita Maungu na Voi usiku na mchana. Tulioishi kando ya barabara hii tunajua lori la mafuta likipinduka inakuwaje. Bomba jipya la mafuta ghafi ni habari nyingine. Lile la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na Desemba 2023 mahakama ya Hoima iliruhusu serikali kuweka fidia mahakamani na kuziondoa kaya 42 zilizoikataa fidia hiyo katika mradi wa Tilenga unaolisha bomba hilo. Hapo naelewa kwa nini wanapiga kelele.

Sasa kuna jambo ambalo sioni likizungumzwa huku. Mwaka 2025 Bunge la Taifa liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya Kenya Pipeline. Ukanda uliochukuliwa kwa jina la umma utakuwa unamwingizia faida mwenye hisa popote alipo. Marekebisho ya 2019 yanataja wazi kwamba fidia ya ardhi inaweza kuwa fedha, ardhi mbadala, hati ya dhamana ya serikali, ama hisa katika kampuni ya serikali. Katika barabara, reli na mabomba yote yaliyotupitia, sijasikia mkulima wa Sagalla ama mfugaji wa Maungu akiulizwa kama angependa hisa. Bomba lingine likija, hilo ndilo ombi ningelipeleka kwenye kikao cha NLC, likiandikwa na kupigwa muhuri kabla nguzo ya kwanza ya mpaka haijachimbiwa.