Simi na mhunzi asiyeandikwa

Upanga wa kale wa Tibet ukiwekwa kwenye makumbusho, kinachovuta macho kwanza ni fedha na marijani ya ala yake. Simi, upanga mfupi wa nyanda za kati za Tanzania, haina vito. Pambo lake ni ngozi nyekundu.

Mpini wake umeviringwa ukanda wa ngozi, bila kikingio cha mkono. Chuma kina makali pande zote mbili, chembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea nchani ili uzito uwe mbele mtu anapofyeka. Ala ni vibao viwili vilivyovikwa ngozi iliyoshonwa ikiwa mbichi. Ikikauka, hubana kabisa. Huvaliwa kiunoni, upande wa kulia.

Simi hujulikana zaidi kuwa ya Wamasai, lakini Wagogo nao, majirani waliogombana nao kwa miaka mingi juu ya ng'ombe, waliiga mengi kutoka kwa Wamasai katika silaha na mapambo. Msafiri Henry Stanley alipofika Mvumi, katika nchi ya Wagogo, Mei 1871, ilimbidi alipe hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa ndipo apite. Watemi wa Ugogo waliweza kuidai kwa sababu walikuwa na maji, chakula na vijana wenye silaha.

Kisha wakoloni wakaja: mwaka 1889 Wajerumani walijenga boma Mpwapwa. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, iliamuliwa kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara ya serikali vipelekwe makumbusho ya Berlin. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, hongo ilikwishakuwa hadithi.

Kadi za makumbusho kwa kawaida hutaja aliyeleta kitu na mwaka alioleta. Aliyekifua hatajwi. Kwa wahunzi wa Kimasai, Ilkunono, huko ni kusahauliwa mara ya pili: nyumbani walitegemewa kwa silaha, ila Wamasai wengine hawakuoana nao, na mtu alijipaka mafuta mikononi kabla ya kupokea kazi yao.

Novemba 2018 ujumbe wa Wamasai wa Tanzania na Kenya ulikwenda makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, kueleza wenyewe maana ya vitu vyao. Kwa simi, kazi hiyo inaweza kuanzia hapa nyumbani. Bado zinafuliwa, nyingine kwa springi za magari chakavu, na zinauzwa minadani. Makumbusho yetu yakinunua moja leo, yaanze kwa kumuuliza muuzaji: nani kaifua?