Bunduki ya Babu na Karatasi Yake

Leo tutazungumza historia. Ni historia ya kitu ambacho kimo katika nyumba nyingi, lakini watu hawapendi kukitaja: bunduki ya zamani.

Kuna bunduki ambayo mwenyewe haiiti silaha. Anaiita "ya babu". Imekaa juu ya dari, moshi umeifanya nyeusi, na watoto wanaambiwa wasiiguse. Siku ya kukimbia baba anajiuliza: tuichukue au tuiache? Siku ya kurudi chefu naye anajiuliza: je, hii nayo niihesabu pamoja na bunduki za vita? Swali letu la leo ni hili: bunduki huacha lini kuwa silaha na kuwa kumbukumbu? Na ni nani mwenye haki ya kusema hivyo?

Mataifa mengi yamejibu swali hilo kwa karatasi, yaani kibali cha kuweka bunduki za kale. Wengi kwetu husema permi. Tuangalie karatasi hiyo ilitoka wapi, kwa sababu baadhi ya hatua zake za kwanza zilipita katika nchi yetu.

Magobore yalivyofika

Katika karne ya 19 bunduki ziliingia Kongo kwa njia nyingi. Kutoka mashariki zilishushwa Zanzibar, kisha zikaletwa na misafara ya pembe za ndovu hadi Ujiji, Kasongo na Nyangwe. Kutoka magharibi zililetwa na wafanyabiashara wa Angola. Msiri, aliyekuja kutoka upande wa Unyamwezi na kutawala Bunkeya katika Katanga, alinunua bunduki na baruti kwa shaba, pembe na watumwa. Tippu Tip naye alijenga nguvu zake juu ya bunduki na pembe, hata Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamfanya mkubwa wa Stanley Falls mwaka 1887.

Nyingi za bunduki hizo zilikuwa magobore. Gobore hujazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na aina ya kale huwashwa kwa jiwe la gumegume. Mji wa Liège katika Ubelgiji na mji wa Birmingham katika Uingereza ilitengeneza bunduki nyingi za bei ndogo kwa ajili ya biashara ya Afrika. Lakini wakati huohuo Ulaya ilikuwa imeshaacha gobore. Majeshi yake yalikuwa na bunduki zinazojazwa kwa nyuma, zenye mtutu wa mifuo ndani, zinazopiga mbali na kwa haraka. Basi tayari kulikuwa na bunduki ya aina mbili: ya kuuza Afrika, na ya kushinda Afrika.

Karatasi ya mwaka 1890

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Walisema nia yao ni kumaliza biashara ya watumwa, na kweli biashara hiyo ilikuwa mbaya sana, tena bunduki ndizo zilizoilisha. Mkataba ulikataza kuingiza silaha katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kongo yote ilikuwa ndani.

Sikiliza vizuri jinsi ulivyogawa bunduki. Zile mpya, zenye mifuo, zilikatazwa zaidi. Magobore ya gumegume, yenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, yaliweza kuruhusiwa mahali fulani. Na mtu wa pekee aliyetaka bunduki ya kisasa alipaswa kutoa uhakika kwamba hatampa, hatamwazima wala hatamwuzia mwingine. Bunduki yake iliandikwa na kupigwa alama. Kibali kilitaja jina lake na alama hiyo. Kilidumu miaka 5 tu, kiliweza kufanywa upya, na mtu akikitumia vibaya alinyang'anywa.

Jina, alama, muda, na kuwajibika. Mambo haya manne bado ndiyo mwili wa vibali vingi vya bunduki duniani. Mkataba ule haukuandika upuuzi.

Lakini tuseme ukweli wote. Mkataba haukuzifunga serikali zilizoutia sahihi zisiwape silaha askari wao wenyewe. Mwezi wa Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa Bunkeya na watu wa msafara uliotumwa na upande wa Leopold. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold, Force Publique, lilivunja nguvu za Waarabu na Waswahili katika Maniema. Baadaye bunduki hizohizo za serikali zikageuzwa juu ya wanakijiji ili walete mpira. Wakubwa walitaka hesabu ya kila risasi, isipotezwe kwa kuwinda nyama. Basi askari wakaleta mikono ya watu iliyokatwa kuonyesha kwamba risasi ilifanya kazi. Daftari lilihesabu risasi, halikuhesabu watu.

Kwa hiyo mzee akisikia leo neno "kuandikisha bunduki" na moyo wake ukasita, usimcheke. Anakumbuka kitu. Karatasi ni nzuri tu kama anayeishika naye anajibu kwa mtu mwingine.

Wenzetu wanavyofanya

Sasa tutoke nyumbani kidogo, tuone karatasi hiyo ilivyokua huko nje. Marekani ilitunga sheria kubwa ya silaha mwaka 1968. Sheria hiyo husema kwamba bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale, na kwa jumla haihesabiwi kama silaha za kawaida. Bunduki yenye umri wa miaka 50 au zaidi, ikiwa bado katika hali yake ya asili, huweza kuitwa kitu cha kumbukumbu, na mtu anayekusanya vitu vya namna hiyo anaweza kuomba kibali cha mkusanyaji.

Anakipataje? Lazima awe ametimiza miaka 21, na asiwe mtu ambaye sheria imemkataza kushika silaha, kama aliyehukumiwa kwa kosa kubwa. Anajaza karatasi ya maombi, anapeleka nakala kwa mkuu wa polisi wa mahali pake, na analipa dola 30 kwa miaka 3. Akishapata, kazi ndiyo inaanza. Lazima awe na daftari. Kila bunduki inayoingia anaandika tarehe, aliyeitengeneza, aina, namba yake, na jina la mtu aliyeitoa. Kila inayotoka anaandika imekwenda kwa nani. Wakaguzi wanaweza kulitazama daftari hilo. Na kibali hicho hakimpi ruhusa ya kufanya biashara ya bunduki.

Unaona, ndugu? Kinachomfanya awe mtunza historia ni daftari kuliko bunduki yenyewe. Mtu mwenye bunduki kumi za kale bila daftari ana bunduki kumi tu.

Uingereza nayo ina fundisho. Kwa miaka mingi sheria yake iliruhusu mtu kuweka bunduki ya kale kama pambo bila kibali. Kisha polisi wakaona kwamba wahalifu wanatafuta bastola za kale, wanazitengenezea risasi, na wanaua watu nazo. Mwezi wa Machi 2021 kanuni mpya zikaanza. Bastola za kale zinazotumia aina 7 za risasi zikaondolewa katika orodha ya mapambo, na wenyewe wakatakiwa kuwa na kibali au kuziachilia. Maana yake ni hii: umri peke yake hauui bunduki. Kama inaweza kulia, ni bunduki.

Mataifa kwa pamoja nayo yaliweka mpaka. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya bunduki inaachia kila nchi iseme bunduki ya kale ni ipi, lakini inasema wazi kwamba iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuitwa ya kale.

Turudi kwetu

Kwetu, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035, ya wakati wa Zaire, iliweka utaratibu wa silaha na risasi: raia asiwe na bunduki bila ruhusa ya mamlaka. Mwezi wa Aprili 2004 nchi yetu ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi pamoja na majirani. Itifaki hiyo inataka silaha zipigwe alama na kuandikwa, na inakataza kabisa raia kuwa na bunduki za vita zinazopiga mfululizo.

Lakini shida yetu ina sura yake. Wafua vyuma wetu wanajua kutengeneza gobore. Gobore lililofuliwa mwaka jana, likikaa miezi michache katika moshi, linafanana na la babu. Sura si umri. Ndiyo maana neno "ni ya babu" halitoshi. Babu yupi? Aliipata wapi? Nani alimwona nayo? Kama hakuna anayeweza kujibu, chefu atajuaje?

Na hata iliyo ya babu kweli ina hatari tatu. Ya kwanza, gobore linaweza kukaa na baruti ndani miaka mingi, likalipuka mikononi mwa mtoto. Ya pili, wenye kuwinda silaha usiku hawaulizi umri. Wakisikia kuna bunduki katika nyumba, watakuja. Ya tatu, bunduki moja ikionekana kambini, kambi yote inaitwa kambi ya wapiganaji, na anayeumia ni mama aliyekuja na sufuria na watoto.

Kuna njia nyingine pia ya kuifanya bunduki kuwa historia. Tarehe 27 Machi 1996, mjini Timbuktu katika Mali, silaha karibu 3,000 zilichomwa mbele ya watu baada ya vita vya kaskazini, na mahali pale pakajengwa mnara wa kumbukumbu. Katika Msumbiji, tangu mwaka 1995, Baraza la Kikristo lilipokea bunduki na kutoa vyombo vya kazi, kama baiskeli na cherehani. Bunduki zilikatwa, na wasanii wakatengeneza sanamu kwa vipande vyake. Kiti kimoja kilichofanywa kwa vipande hivyo mwaka 2001 kimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Bunduki zile zimekuwa kumbukumbu kweli, kwa sababu hakuna mtu atakayeuawa nazo tena.

Maneno kwa familia, maneno kwa wakubwa

Wewe baba, wewe mama mwenye bunduki ya babu: usiibebe kwenda kambini, na usijaribu kuisafisha wala kuifyatua ili uone kama ni nzima. Mwambie mtu mmoja mwenye mamlaka ambaye wewe na majirani zako mnamwamini, mchana, mbele ya shahidi. Kabla ya hapo, kaa na wazee wa jamaa, mwandike habari zake: ilinunuliwa kwa nini, ilitoka wapi, nani aliishika, iliwinda nini, ilipigana vita gani. Kumbukumbu ni habari. Kama chuma kitaondoka, habari ibaki. Watoto wako watamjua babu yao kwa karatasi hiyo zaidi kuliko kwa chuma chenye kutu.

Ninyi wakubwa na machefu: bunduki ya kale iandikwe, lakini iandikwe mahali pake, isichanganywe na za vita. Usichukue ya mtu bila kumpa karatasi yenye jina lake, alama ya bunduki, tarehe na sahihi yako. Kama jamaa inataka ihifadhiwe kama urithi, peleka neno kwa mamlaka. Usiamue peke yako, na usiiweke nyumbani kwako. Na jambo kubwa kuliko yote: hesabu iwe ya watu wote. Ukihesabu bunduki za kabila moja na kufumba macho kwa za kabila lingine, unarudia kosa la mwaka 1890, pale wengine walipoandikwa na wengine wakabaki na nguvu mkononi. Amani ya namna hiyo haidumu hata msimu mmoja wa mahindi.

Karatasi ikiwa ya haki humlinda mwenye bunduki, na humlinda jirani asiye nayo. Zungumzeni haya katika baraza lenu juma hili. Ulizaneni bila hasira: katika mtaa wetu, nani atashika daftari, na yeye atajibu kwa nani?